Futikamba

Bwana Shigela alipiga goti vumbini
mbele ya banda langu, soko la Mlango Mmoja,
akachomoa futikamba kwa woga, kama anachomoa nyoka.
"Nimetumwa na Serikali," akasema, "nije nikupime."
Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.

Mimi Nkwimba, ninayepima watu kutwa:
kifua cha bwana harusi, kiuno cha mwalimu,
mabega ya watoto wa sare za Januari;
mimi mwenye cherehani ya mkono, kwa kuwa miguu
iliacha kazi nikiwa na miaka mitatu,
hakuna aliyewahi kunizungushia kamba
atake kujua nina ukubwa gani.

Kile kiti cha kwanza kilikuja na maturubai na kipaza sauti.
Tulipangwa kumi na wawili, tukapigwa picha,
viti vyote saizi moja,
kana kwamba Mungu alitufyatua kwa kalibu la tofali.
Nilipokaa, nyonga ziliogelea.
Kwenye kona kiti kinakwenda, mimi ninabaki.
Kuku wa Mama Ng'washi alitagia humo misimu miwili,
nami nikarudia kandambili zangu za mikononi,
namba saba, kulia na kushoto.

Sasa huyu kijana na fomu yake ya kurasa nne.
"Nyonga," akasoma, "kumi na tano."
Nikamwambia, umepitisha kamba juu ya marinda,
toa inchi moja.
Akatoa.
"Paja hadi goti." Nikamshika mkono, nikamwonyesha
mahali mfupa unapoanzia, si mahali nguo inapoanzia.
Akafuta, akaandika, akafuta tena.
Penye *kazi ya mwombaji* aliandika *hana*.
Nilimtazama tu, uzi ukiwa kwenye meno.
Akafuta.

Miezi kumi na minne.
Faili lilipanda basi kwenda Dodoma, likarudi linadai mhuri,
likapanda tena. Sitaki kumsema mtu:
sare za watu wengi hazishonwi usiku mmoja,
na mimi pia nina wateja ninaowaambia "njoo kesho."

Kikaja na masika, juu ya lori
lililotoka kushusha dagaa Kirumba.
Kilinuka ziwa siku tatu.

Nikakaa.
Hapo sijui niseme nini.
Nilikaa, basi. Kilinishika
kama gauni nililolikata mwenyewe.
Watu niliowajua kwa magoti yao
wakawa na vifungo, wakawa na tai,
mmoja, muuza vitenge, kumbe ana kovu kidevuni.

Lakini Mwanza ni mawe.
Nyumba yetu Mabatini imekaa juu ya jiwe
lililokaa juu ya jiwe lingine,
na njia yake ni ngazi zilizochongwa na maji ya mvua.
Kwa hiyo kila jioni kiti kinalala bondeni
kwa Masunga wa vocha, kimefungwa mnyororo,
nami navaa kandambili mikononi, napanda.

Jumanne nikaitwa ofisi ya kata
nisaini kwamba nimepokea.
Mlango ukanikataa.
Bwana Shigela akatoka nje na karatasi, na kalamu,
na uso wa mtu aliyekanyaga nguo mpya ya mwenzake.
Nikamwomba anishikie ncha ya futikamba yangu.
Fremu hadi fremu: ishirini na nne.
Kiti: ishirini na tano na nusu.
Kwetu sisi, nikamwambia, nguo ikibana
hatumpunguzi mteja.

Hakujibu. Aliandika namba hizo mbili
nyuma ya fomu, mahali pasipo na mstari.
Kisha akauliza, "Na kizingiti?"
Inchi nne. Andika.
"Na zile ngazi za kwenu?"

Nikageuza kiti, tukatazama mlimani wote wawili,
mabati yanang'aa kati ya mawe,
mtoto anashuka na ndoo kichwani, anahesabu kwa miguu.

Hizo, nikasema, njoo na kamba ndefu.